Wodi kunukia jiki sio kwamba ni safi. Nimepiga deki hospitali tangu 2012, naomba mnisikilize

MamaMajengo:

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Uzi ni mrefu kidogo mtanivumilia, hili jambo nimekaa nalo kifuani muda.

Mimi ni mfanya usafi wa hospitali, Moshi hapa hapa. Nilianza 2012 na dekio mkononi, sasa hivi nasimamia wenzangu 9. Jina la hospitali naliacha, na hospitali niliyoanzia nayo naiacha. Jumapili nilikuwa kwenye daladala natoka kanisani, nyuma yangu kina mama wawili wanaongelea mgonjwa wao, mmoja akasema "pale pasafi bwana, ukiingia tu mlangoni unapigwa na harufu ya dawa". Sikugeuka ila yale maneno nimelala nayo. Maana mimi najua ile harufu inatoka wapi, na najua wodi inaweza kunukia jiki mpaka macho yanawasha na bado kile chuma cha pembeni ya kitanda kikawa na wadudu wa mgonjwa aliyeruhusiwa juzi.

Niwaambie nilivyoanza. Sikufundishwa na mtu. Nilipewa gauni, ndoo 1, dekio 1 na galoni la jiki nikaambiwa wodi ile pale. Nikawa naanza chooni kwa sababu ndo pachafu zaidi, nikimaliza naingia wodini na dekio lile lile, maji yakishakuwa meusi siyamwagi naongeza jiki, kichwani kwangu jiki inaua kila kitu, kwa hiyo nikizidisha jiki nimezidisha usafi. Miaka miwili na zaidi nimefanya hivyo kila asubuhi na nikasifiwa kwamba nafanya kazi vizuri, sakafu inang'aa. Siku nilipoelezwa kwamba uchafu unaila nguvu ya jiki, yaani kwenye yale maji meusi jiki yangu ilikuwa imeshakufa na mimi nilikuwa nachukua wadudu wa chooni nawapaka chini ya vitanda vya watu waliotoka kupasuliwa, nilikaa kwenye ngazi nikashindwa kuinuka.

Aliyenielewesha ni sista mmoja wa wodi ya upasuaji, Mungu ambariki alipo. Alikuwa na mama mmoja amejifungua kwa upasuaji, kitanda cha dirishani, kidonda kinatoa usaha hakifungi. Wakachukua kipimo wakapeleka maabara kuotesha, majibu yakarudi mdudu ni sugu, seftriaksoni haimgusi, dawa nyingi zimewekewa R tu kwenye karatasi, yaani mdudu haisikii dawa hiyo. Yule mama alikaa sana, akaja akaondoka. Wiki mbili baadaye kitanda kile kile mgonjwa mwingine kabisa, tena huyu kafanyiwa henia, kidonda kikafanya vile vile na karatasi ya maabara ikaja na R zile zile. Sista akaziweka zile karatasi mbili pembeni pembeni. Hakuniita ofisini kunifokea. Alinishika mkono akanipeleka kwenye kile kitanda, akaniambia inama. Nikainama. Akaniambia angalia chini ya hiki chuma, pale vidole vinapokamatia mtu akijivuta kuamka.

Juu ya chuma kulikuwa safi, napafuta kila siku. Chini kulikuwa na mstari wa kahawia umekauka, una ukubwa kama wa kidole changu, na ukiupitishia ukucha unabanduka kama rangi. Sikuwa nimewahi kuinama pale hata siku moja. Kila mgonjwa aliyelala pale alikuwa anashika ule mstari halafu anashika plasta yake.

Kama wadudu wa yule mama wa kwanza ndo walipita hapo au walipita kwenye mikono ya watu siwezi kuapa, na sista mwenyewe hakuapa. Ila tangu siku hiyo naanzia chini ya chuma.

Halafu akanifundisha kitu nakifanya mpaka leo. Ile tochi ya mwanga wa zambarau ambayo mawakala wa kutuma hela wanakagulia noti feki, alikuwa nayo. Alichukua kalamu ya hailaita ya njano, ile ya wanafunzi, jioni wafanya usafi hatupo akaweka vidoa vidogo sehemu 20: swichi, kitasa cha mlango, koki ya bomba, stendi ya dripu, kamba ya pazia, droo ya kabati la mgonjwa, chini ya vyuma vya kitanda. Kidoa kikikauka mwanga wa kawaida hukioni kirahisi. Kesho yake tumemaliza usafi, wodi inanukia, sakafu unaweza kujiona sura, akazima taa akawasha tochi. Vidoa 14 viko pale pale vinawaka kama macho ya paka. Tulikuwa tumefuta 6. Sakafu tulikuwa tumeimaliza yote, na sakafu hakuna mgonjwa anayeishika.

Sasa tunavyofanya siku hizi, kwa ufupi ingawa sio fupi: tunaanza pasafi tunaelekea pachafu na tunaanza juu tunashuka chini, chooni ni mwisho kabisa na dekio la chooni lina uzi mwekundu tumelishonea wenyewe na haliruhusiwi kuvuka mlango. Kufagia na ufagio mkavu wodini hakuna maana unarusha vumbi na vilivyomo. Sabuni na maji kwanza, uchafu utoke, ndipo dawa, na dawa ikishapakwa unaiacha ibaki mbichi dakika 10 huifuti haraka haraka ili pakauke ionekane umemaliza. Tambara unalikunja mara mbili unapata pande 8, kila upande unafuta sehemu yake ukichafuka unageuza, zikiisha unaweka kwenye mfuko wa kufuliwa unachukua jingine, HURUDISHI tambara lililotumika kwenye ndoo ya dawa, hilo ndo kosa kubwa naliona kila mahali, ukichovya mara moja tu ndoo nzima umeshaiharibu. Kila mgonjwa tambara lake. Na mgonjwa akiruhusiwa kitanda kinafuliwa chote, godoro pande zote mbili, ukikuta godoro limechanika unatoa taarifa maana likishanywa damu au mkojo halisafishiki tena.

Naomba wenye uelewa zaidi waongeze, na wenye maswali waulize.

Kaloleni_Mkazi:

Mama hongera kwa kazi, ila mimi naona tunahangaika na dekio wakati tatizo liko duka la dawa. Mtu akikohoa siku mbili anaenda kununua amoksilini vidonge 6 anakunywa vitatu, vingine anamwekea mtoto. Kuku wenyewe wanapewa dawa. Huo usugu hauletwi na chuma cha kitanda, unaletwa na sisi.

LabuChuga:

@Kaloleni_Mkazi mkuu uko sahihi nusu, ngoja nikuongezee nusu nyingine. Niko maabara hapa Arusha, sahani za kuoteshea ndo kazi yangu ya kila siku.

Dawa zikitumiwa hovyo ndo zinamchagua mdudu sugu, wale dhaifu wanakufa anabaki mbishi anazaana. Hapo hatubishani, hata Fleming aliyegundua penisilini mwaka 1928, akipokea tuzo ya Nobel 1945, alionya kabisa kwamba mtu akinywa dozi pungufu anawafundisha wadudu kuizoea dawa. Lakini mdudu sugu mmoja ndani ya mgonjwa mmoja ni shida ya huyo mgonjwa. Anakuwa shida ya wodi nzima akipata usafiri. Usafiri ni mikono yetu, na kituo cha kupandia ni zile sehemu mama kazitaja. Kwa hiyo milango ni miwili ndugu yangu, ukifunga mmoja tu nyumba bado iko wazi.

Watu wanadhani mdudu akikaa kwenye chuma kikavu anakufa usiku huo huo. Hapana. Kuna uchambuzi wa tafiti nyingi ulitoka 2006, wale stafilokokasi wa usaha, pamoja na wale sugu wenyewe, wanaweza kuishi sehemu kavu kuanzia siku 7 mpaka miezi 7. Asinetobakta, huyu ni balaa la vyumba vya wagonjwa mahututi, siku 3 mpaka miezi 5. Klebsiela, mdudu mwingine anayesumbua hospitalini, kuna hali alidumu zaidi ya miezi 30. Sasa piga hesabu kitanda kimoja kinapokea wagonjwa wangapi ndani ya miezi 5.

Na wakikaa karibu karibu wanapeana. Hili watu hawalijui: klebsiela mwenye kinga dhidi ya dawa anaweza kummegea mdudu wa jamii nyingine kabisa kile kipande cha maelekezo ya kuishinda dawa, kama mtu anavyompa jirani ufunguo akachonge. Ndo maana masinki yananitisha kuliko sakafu. Kwenye bomba la chini la sinki pale penye utelezi wamejijengea utando, jiki inapita juu yao. Marekani kwenye hospitali ya taasisi yao ya taifa ya utafiti wa afya, Bethesda, mwaka 2011 klebsiela sugu aliingia na mgonjwa mmoja akasambaa kwa wagonjwa 18, 11 walifariki, 6 kati yao vifo vilitokana na huyo mdudu moja kwa moja. Walimkuta mpaka kwenye matundu ya masinki na kwenye mashine ya kupumulia ambayo ilikuwa IMESHASAFISHWA. Na ile ni hospitali isiyokosa maji wala dawa. Kwa hiyo mama ukiweza kataza watu kumwaga maji ya kuogeshea wagonjwa na mabaki ya dripu kwenye sinki la kunawia mikono, sinki la kunawa libaki la kunawa tu.

Na wasidhani haya ni ya wazungu. Kuna utafiti ulifanyika hospitali ya KCMC hapo hapo Moshi ukachapishwa 2003, wagonjwa 396 wa upasuaji walifuatiliwa, 77 vidonda vyao viliingia wadudu, hiyo ni asilimia 19.4, karibu mmoja kwa kila watano. Na 28 kati ya hao waligundulika wakiwa wameshatoka hospitali. Ni miaka mingi imepita, lakini nawapongeza waliopima wakaandika, kwingine hawapimi kwa hiyo hawana tatizo kwenye karatasi.

BintiWaUsa:

Shikamoo mama MamaMajengo. Mimi sio wa afya, nimemuuguza baba yangu mwaka jana hospitali moja Arusha siku 19, mguu, kisukari. Uzi wako nimeusoma mpaka nimelia kidogo kwa sababu sasa najiuliza mambo niliyokuwa nafanya mimi mwenyewe.

Sisi ndugu ndo tunaomhudumia mgonjwa kwa sehemu kubwa, nesi mmoja ana vitanda kibao. Asubuhi nampelekea uji, thamosi naiweka chini sakafuni kwa sababu kwenye kabati hakuna nafasi, nikimaliza naitoa chini naiweka juu ya kabati pale pale penye kikombe chake. Natoa bedipani naenda kumwaga, narudi namshika bega namgeuza. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa mzee hana mtu, nikawa namsaidia na yeye, nakaa kitandani kwake namlisha, narudi nakaa kwa baba. Khanga niliyokalia kule ndo hiyo hiyo namfunikia baba usiku kukiwa na baridi. Roho safi kabisa nilikuwa nasaidia.

Baba alipona anatembea na fimbo, namshukuru Mungu. Yule mzee mguu ulikatwa juu ya goti kwa sababu kidonda hakikusikia dawa. Sijui kama kuna kinachohusiana ila sitaacha kuwaza. Mama tufundishe ndugu wafanye nini.

MamaMajengo:

Marahaba mwanangu. Pole sana, na usijitwishe mzigo ambao hata daktari hawezi kuuthibitisha. Kumlisha mzee asiye na mtu hujafanya kosa, ila hakuna aliyekuambia unawe katikati, na hilo kosa ni letu sisi wenye hospitali.

Ndugu wa mgonjwa: nawa ukifika kabla hujamgusa, nawa ukitoka kumwaga bedipani hata kama ulivaa glavu, nawa ukitoka kwa mgonjwa mmoja kwenda kwa mwingine. Maji na sabuni sekunde 40 mpaka 60, kama kuna kitakasa mikono na mikono haina uchafu unaoonekana basi sekunde 20 mpaka 30 mpaka ikauke yenyewe. Akiwa anaharisha tumia maji na sabuni, kuna mdudu wa kuharisha anajifungia kwenye ganda kitakasa hakimwezi. Usikalie kitanda cha mtu, omba stuli. Khanga ya hospitali ibaki ya huyo mgonjwa, ukirudi nayo nyumbani inafuliwa peke yake inaanikwa juani. Kilichokaa sakafuni kisipande juu ya kabati, tundika kwenye mfuko. Kidonda usikifunue kumwonyesha mgeni aliyekuja kuona wagonjwa, watu wanapenda sana kufunua. Na ukiona daktari au nesi anakuja kumgusa baba yako hajanawa, mwambie kwa heshima tu "dokta samahani naomba unawe kwanza". Najua ni ngumu, kwetu kumwambia daktari hivyo unaonekana umekosa adabu, lakini wengine wanashukuru.

Soweto_Moshi:

Mama swali la haraka, hiyo jiki mnachanganya kiasi gani? Nina dispensari ndogo ya mtaani na kila mfanyakazi ana kipimo chake.

MamaMajengo:

@Soweto_Moshi soma kwenye chupa kwanza imeandikwa asilimia ngapi maana zinatofautiana. Halafu gawanya hiyo asilimia kwa asilimia unayoitaka, toa 1, hilo ndo jibu la vikombe vya maji kwa kikombe kimoja cha jiki. Jiki ya 3.5 unataka 0.5 ya kumwagika damu: 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7, toa 1 ni 6, kwa hiyo kikombe 1 cha jiki vikombe 6 vya maji. Kwa vitanda na makabati 0.1 inatosha, hapo ni kikombe 1 kwa vikombe 34. Watu wanaogopa wanasema hiyo ni nyepesi sana haitaua kitu. Inaua, mradi umeosha na sabuni kwanza ukasuuza na umeiacha dakika 10. Ukiweka kali kila mahali unaozesha vyuma vya vitanda, chuma kikishapata kutu hakisafishiki, na mnaumiza vifua vyenu.

Damu ikimwagika usiimwagie jiki ikiwa bichi nyingi. Vaa glavu nene, ifunike na kitambaa au karatasi inyonye, tupa kwenye pipa la taka hatarishi, osha na sabuni, suuza, ndo upake ile ya 0.5.

Changanya kila siku asubuhi, ya jana mwaga. Funika ndoo, usiache juani. Andika kwenye ndoo saa uliyochanganya. Na chonde chonde usichanganye na sabuni ya unga wala ile dawa ya choo yenye asidi, mwenzetu mmoja alichanganya chooni akiwa amefunga mlango ili dawa ifanye kazi, tukamtoa hawezi kupumua. Alipona, ila kifua chake mpaka leo kikipata vumbi utajua.

Nesi_wa_Zamu:

Naomba niongee ukweli ambao mama ameupitia juu juu kwa upole wake. Hao wafanya usafi mnaotaka wakunje tambara pande 8, mnajua wanalipwa nini? Nilipo mimi usafi ni tenda, kampuni inaleta watu, wanalipwa 150,000 kwa mwezi na saa ingine inachelewa, glavu anapewa jozi moja azitumie siku nzima, anatoka nazo chooni anashika kitasa cha wodi ya watoto. Ukimfundisha leo, baada ya miezi mitatu kaondoka kapata kazi ya saluni, analetwa mwingine unaanza upya. Mikutano ya kuzuia maambukizi tunakaa sisi wenye makoti meupe tunakunywa soda, mtu pekee anayegusa kila kitanda kila siku hayupo ndani, yuko nje anasubiri tumalize apige deki. Maji yakikatika ndo kabisa, mnadhani anakunja tambara kwa maji gani.

Miongozo ya taifa ya kuzuia maambukizi ya 2018 ipo, mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa 2017 mpaka 2022 ulikuwepo na sasa kuna wa 2023 mpaka 2028. Mimi nataka kuiona kwenye ndoo.

DaktariMtarajiwa:

Nesi umeongea. Mimi nasoma udaktari Moshi, mwaka wa nne, na niseme ukweli sijawahi kufundishwa jina la mfanya usafi wa wodi yoyote niliyopita. Leo asubuhi nimeenda kumuuliza wa kwetu.

Kuhusu kama kuwafundisha kunaleta tofauti, ipo. Australia walifanya kwenye hospitali 11, wakawafundisha wafanya usafi, wakawapa majibu ya vile vidoa vya mwanga kila mara, wakawaingiza kwenye vikao vya wodi. Matokeo yalitoka 2019. Vidoa vilivyofutwa kwenye mabafu vilipanda kutoka asilimia 55 hadi 76, vyumba vya kulala kutoka 64 hadi 86, na maambukizi ya enterokokasi, mdudu wa tumboni, yule sugu asiyesikia dawa ya vankomisini, yakapungua asilimia 37. Nisiwafiche, wadudu wengine wawili waliowafuatilia hawakuonyesha kupungua kwa uhakika, kwa hiyo usafi haumalizi kila kitu. Lakini asilimia 37 kwa sabuni, tambara na heshima! Dawa mpya ya kuua bakteria inatengenezwa kwa miaka na mabilioni.

Na hapa kwetu nako pamefanyika, hospitali 3 za Tanzania, wafanya usafi wakafundishwa na vidoa vya mwanga vikatumika kuwapima, ilichapishwa 2021. Kwa hiyo mama tochi yako ya wakala wa hela ni sayansi kamili, usione aibu nayo.

Halafu hii vita ni ya zamani. Vienna 1847 daktari mmoja, Semmelweis, aliona wajawazito wanakufa kwa homa ya uzazi kwenye wodi ya madaktari kuliko ya wakunga, akagundua madaktari wanatoka kupasua maiti wanaenda kuzalisha. Akawaamuru wanawe kwa maji ya klorini, vifo vikatoka karibu 18 kwa kila 100 mwezi wa nne mpaka kama 2 mwezi wa sita, mwaka ule ule. Wakubwa wake wengi walikataa kuamini kwamba mikono ya bwana mkubwa inaweza kuwa michafu. Ni klorini ile ile mama anayoipima kwa kikombe.

Kaloleni_Mkazi:

Nimeelewa wakuu, nafuta kauli ya dekio. Ila vipi ile ya kupulizia wodi nzima na mashine ya mgongoni, kipindi cha korona tuliona kila mahali wanapulizia mpaka stendi. Si ndo ingekuwa rahisi?

LabuChuga:

Haifai mkuu. WHO waliandika Mei 2020 kwamba kupulizia dawa ndani kama njia ya kawaida ya kusafisha hawaishauri. Dawa inatua juu ya uchafu, chini ya chuma pale mama alipoinama haifiki kabisa, na anayepulizia ndo anaivuta kifuani. Kinachomtoa mdudu ni kule kusugua. Mkono na tambara.

MamaMajengo:

Narudi baada ya siku 6, samahani nilikuwa zamu. Ahsanteni wote, @DaktariMtarajiwa yule uliyemuuliza jina nimeambiwa amefurahi sana, hii Moshi ni ndogo.

Nimefanya kitu baada ya kusoma michango yenu. Nesi wetu mmoja alisoma uzi huu bila kujua ni mimi, akanisimulia kwamba huko huko Australia 2024 kuna hospitali waliongeza masaa 3 kila siku ya kazi ya kusafisha vile vifaa vinavyozunguka kwa wagonjwa, maambukizi yakapungua karibu theluthi. Nikajiuliza sisi hivyo vifaa anafuta nani. Usiku wa jumanne nikaweka vidoa kwenye mashine za presha, kwenye stendi za dripu, kwenye kiti cha magurudumu, kwenye kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Alhamisi nikapitisha tochi. Stendi zilikuwa safi, zangu hizo. Kiti cha magurudumu mikono yake imefutwa, breki bado. Mikanda ya presha 4, yote 4 vidoa vinawaka, siku mbili, na ile mikanda inafungwa mkono wa kila mtu wodini asubuhi na jioni.

Nikawauliza manesi, wakasema si usafi unafuta? Nikawauliza wangu, wakasema mama sisi mashine haturuhusiwi kugusa, tuliambiwa tukiharibu tunakatwa mshahara. Wote wanasema kweli. Kwa miaka yote hiyo mikanda haikuwa ya mtu.

Tukakaa na sista wa wodi dakika 15 tu, tumesimama pale pale kaunta. Imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito imebandikwa ukutani: mkanda wa presha na kipimo cha kidole anafuta nesi kila akitoka kwa mgonjwa, viko vitambaa kwenye kibakuli chenye mfuniko. Stendi, viti, vitanda na makabati ni wetu. Mkanda uliochanika unatolewa, haurudishwi na plasta.

Leo jioni nimepitisha tochi tena. Mikanda 3 haina doa. Wa 4 uko wodi ya watoto, nilipofika ulikuwa umefungwa kwenye mkono wa mtoto, nikazima tochi nikasubiri nje ya mlango mpaka nesi alipomaliza. Akatoka nao mkononi, hakuniona, akasimama pale kwenye kibakuli akaanza kuufuta, na ndani yake pia.

@Soweto_Moshi umeshaandika saa kwenye ndoo?

Soweto_Moshi:

Nimeandika mama. Leo saa 1 na dakika 20 asubuhi. Ya jana tumemwaga.